Jacques Maritain: Mtu si Mali ya Dola



Tumezoea kusoma hapa maisha ya watakatifu. Leo nawaletea mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, hana sikukuu kwenye kalenda, na huenda jina lake hujawahi kulisikia, labda uwe umepita seminarini ukakutana naye kwenye somo la falsafa. Anaitwa Jacques Maritain, Mfaransa, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa siasa katika karne ya ishirini. Alizaliwa Paris tarehe 18 Novemba 1882 na akafariki Toulouse tarehe 28 Aprili 1973, akiwa na umri wa miaka 90.

Nimemchagua kwa sababu moja. Sisi vijana tunavutwa na wengi: chama, kabila, taifa, kikundi cha mtandaoni, mtu maarufu tunayemfuata. Kila mmoja anatutaka mzimamzima, tucheke anapocheka na tumchukie anayemchukia. Maritain alitumia maisha yake kueleza kwa nini hakuna chochote kati ya hivyo chenye haki ya kummiliki mtu. Na hilo hakulijua kwa kusoma tu. Alilijua baada ya kukata tamaa akiwa kijana, na baada ya kukosea yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, tena Mkatoliki.

Makubaliano ya bustanini

Jacques alizaliwa katika familia yenye jina. Babu yake mzaa mama, Jules Favre, alikuwa mmoja wa waasisi wa Jamhuri ya Tatu ya Ufaransa. Wazazi wake waliachana, naye akalelewa na mama yake katika Uprotestanti uliokuwa umepoa. Dini nyumbani kwao ilikuwa kama picha ya babu ukutani: ipo, inaheshimiwa, lakini haisemi kitu. Moto wa kijana huyu ulikuwa kwingine. Alikuwa msoshalisti, mpenda haki, na alikuwa na uchungu na maisha ya wafanyakazi maskini.

Akaingia chuo kikuu cha Sorbonne. Huko siku moja alikuwa akizunguka kutafuta wanafunzi wa kuunga mkono wenzao wa Urusi waliokuwa wakiteswa na serikali yao, ndipo akamkuta msichana anayeitwa Raïssa Oumansoff. Raïssa alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Rostov, Urusi. Wazazi wake walihamia Ufaransa alipokuwa na miaka kumi, ili watoto wao wapate kusoma na kuishi bila kubughudhiwa kwa sababu ya Uyahudi wao. Wawili hawa wakawa hawaachani. Walizungumza juu ya kila kitu, na kila mazungumzo yaliishia kwenye swali lilelile: je, kuna ukweli?

Usilione swali hilo kuwa la watu wasio na kazi. Walimu wao wengi walifundisha kwamba binadamu anaweza kujua yale tu yanayopimika na kuhesabika. Mengine yote, kama wema, haki na maana ya maisha, ni hisia tu. Jacques na Raïssa wakaona mbele kunaelekea wapi. Kama haki ni hisia, basi anayemtetea mnyonge na anayemkandamiza wako sawa: huyu anahisi hivi, yule anahisi vile. Sasa wanapigania nini?

Ndipo siku moja, mwanzoni kabisa mwa karne ile, wakitembea katika Jardin des Plantes, bustani kubwa ya mimea pale Paris, walikubaliana jambo la kutisha. Wangeyapa maisha muda zaidi yajieleze. Kama muda ungepita bila kuona maana yoyote, wangejitoa uhai wakiwa bado vijana, kuliko kuishi katika uongo.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu najua makala kama hizi husomwa pia usiku wa manane na mtu ambaye hana usingizi. Ndugu yangu, kama wewe uko pale walipokuwa wao, tafadhali usilibebe peke yako. Mwambie mtu leo: mzazi, padre, sista, rafiki unayemwamini, daktari. Jacques na Raïssa hawakuokolewa na akili zao nyingi. Waliokolewa kwa sababu walikuwa wawili, wakisemezana kila siku yaliyo moyoni, na kwa sababu alitokea mtu wa tatu akawashika mkono.

Mtu huyo alikuwa mwandishi Charles Péguy. Aliwapeleka Collège de France kumsikiliza mwanafalsafa Henri Bergson. Bergson hakuwa Mkristo na hakuwahubiria Injili. Aliwaonyesha tu kwamba akili ya binadamu inaweza kugusa uhalisia wenyewe, haiishii kwenye vipimo. Kwa vijana hawa wawili ilikuwa kama mtu kufungua dirisha katika chumba kilichojaa moshi. Walipata pumzi. Mwaka 1904 wakafunga ndoa ya kiserikali.

Maskini wa Montmartre

Juni 1905 walipanda kilima cha Montmartre kwenda kumtembelea mwandishi ambaye walikuwa wamesoma kitabu chake. Léon Bloy alikuwa maskini wa kutupwa. Alikuwa mkali, mgomvi, mwenye madeni, na maadui wake walikuwa wengi kuliko wasomaji wake. Lakini kila siku alikwenda Misa, na ndani ya ile nyumba yake isiyo na kitu waliona jambo ambalo Sorbonne hawakuliona: watu walioamini kwamba ukweli upo, tena una jina.

Bloy hakuwapa hoja za kifalsafa. Aliwapa maisha ya watakatifu wasome na akawaombea. Jacques alisitasita karibu mwaka mzima. Aliogopa mambo mawili. Kwanza, kwamba akiwa Mkatoliki atalazimika kuiacha falsafa, azime taa ya akili. Pili, Kanisa alilolijua machoni pa watu wa Paris lilionekana kusimama upande wa matajiri na wenye vyeo, wakati yeye moyo wake ulikuwa kwa wafanyakazi.

Hata hivyo tarehe 11 Juni 1906, katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili pale Montmartre, Jacques na Raïssa walibatizwa, pamoja na Vera, mdogo wake Raïssa. Bloy alikuwa msimamizi wao. Nyumbani habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Mama yake Jacques aliumia sana, na wazazi wa Raïssa waliona binti zao wamewasaliti Wayahudi wenzao.

Jacques alikuwa tayari kuitoa falsafa sadaka kama ingebidi. Alikwenda Heidelberg, Ujerumani, akasoma biolojia kwa miaka miwili. Waliporudi Ufaransa, Raïssa, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu maisha yake yote, akaanza kumsoma Mtakatifu Thomas wa Akwino kwa ushauri wa padre Mdominika. Alichokikuta kikamshangaza: sala na akili katika ukurasa mmoja, bila kugombana. Akamwambia mumewe. Mwaka 1910 Jacques naye akafungua *Summa*, na tangu siku hiyo hakuifunga tena. Nawakumbusha tu akina kaka: mwanafalsafa huyu mkubwa wa Kithomasi alioneshwa njia na mke wake.

Baadaye alifundisha katika Taasisi ya Kikatoliki ya Paris, na kuanzia mwaka 1923 nyumba yao ya Meudon, nje kidogo ya jiji, ikawa nyumba ya watu wote. Ndani kulikuwa na kikanisa kidogo chenye Sakramenti Takatifu. Sebuleni, Jumapili mchana, ungewakuta wachoraji, washairi, wanamuziki, mapadre, Waorthodoksi kutoka Urusi, Wayahudi, wasioamini. Vera alihudumia wageni, Raïssa alisali na kuandika, Jacques alisikiliza. Watu kadhaa waliingia nyumba ile wakiwa mbali na Mungu wakatoka wakitafuta ubatizo.

Alivyokosea

Hadithi ingeishia hapa ingekuwa tamu. Lakini kuna sehemu ambayo Maritain mwenyewe hakuificha, nasi tusiifiche.

Wakati ule Ufaransa kulikuwa na vuguvugu la siasa lililoitwa Action française. Kiongozi wake, Charles Maurras, alitaka mfalme arudi, taifa liwe na nidhamu, na Kanisa liheshimiwe. Wakatoliki wengi walimshangilia. Shida ni kwamba Maurras hakuwa muumini. Alilipenda Kanisa kama mtu anavyoupenda ukuta imara wa kuzungushia shamba lake. Kauli yake kuu ilikuwa kwamba siasa inatangulia. Na vuguvugu lake liliwachukia Wayahudi waziwazi.

Maritain, mume wa Myahudi, alijisogeza karibu na watu hawa. Inaumiza, lakini ndivyo ilivyokuwa. Padre aliyemlea kiroho aliwapenda, naye akamfuata. Kijana mmoja mwanajeshi aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza aliacha wosia kwamba mali yake wagawane Maurras na Maritain. Sehemu ya fedha hizo ikasaidia kuanzisha jarida mwaka 1920, na Maritain akaongoza kurasa zake za falsafa. Mwaka 1921 aliandika makala juu ya suala la Wayahudi yenye maneno ambayo Maritain wa baadaye asingeyakubali. Alijiambia kwamba yeye ni mwanafalsafa, siasa si kazi yake, na watu hawa angalau wanaitetea imani. Hivi hatumjui mtu wa namna hiyo? Mimi namjua, na siku nyingine namwona kwenye kioo.

Desemba 1926 Papa Pius XI akalipiga marufuku gazeti la vuguvugu hilo na kuwakataza Wakatoliki kulifuata. Mwanzoni Maritain alijaribu kupatanisha pande mbili. Kisha akapiga magoti, akachunguza dhamiri, na akatii. Ila hakutii kwa kunyamaza. Mwaka 1927 alitoa kitabu kueleza kwamba mambo ya kiroho ndiyo yanayotangulia, sio siasa. Alikuwa amegundua mtego: ukianza na siasa kisha ukamwita Mungu aje kuisaidia, utakuwa umempa Mungu kazi ya utumwa. Na mtu anayemfanya Mungu mtumwa atashindwaje kumfanya hivyo jirani yake?

Utii huo ulimgharimu marafiki wengi. Lakini naamini bila kosa lile tusingempata Maritain tunayemkumbuka. Mambo makubwa aliyoyaandika juu ya siasa aliyaandika baada ya kuungama kwamba katika siasa alidanganyika.

Mtu mbele ya dola

Angeweza kusema: siasa ni uchafu, narudi kwenye sala zangu. Hakusema hivyo. Mwaka 1936, Ulaya ikiwa na Hitler, Mussolini na Stalin kwa wakati mmoja, alichapisha kitabu chake maarufu *Humanisme intégral*, ambacho kwa lugha yetu tungekiita Ubinadamu Fungamani. Ndani yake alikataa mambo mawili. Alikataa ubinadamu unaomfukuza Mungu, kwa sababu unamwacha binadamu bila mtetezi mbele ya wenye nguvu. Alikataa pia ndoto ya Wakristo wanaotaka kurudi Zama za Kati na kuiweka imani kwa mkono wa polisi. Alipendekeza jamii ambamo Wakristo na wasio Wakristo wanajenga nchi pamoja kama raia sawa, na Injili inafanya kazi yake kama chachu kwenye unga: haionekani, haimlazimishi mtu, lakini inaumua donge zima.

Kiini cha fikra zake kiko katika namna mbili za kumtazama binadamu. Tuchukue timu ya mpira. Wewe ni mchezaji. Kocha ana haki ya kukupangia namba, kukukimbiza mazoezini, hata kukuweka benchi, na timu ikiwa inahitaji ujitoe, unajitoa. Hapo wewe ni sehemu ya kitu kikubwa kuliko wewe. Lakini kocha hawezi kukuambia umchukie nani, usali vipi, au udanganye ili timu ishinde. Kuna sehemu ndani yako ambayo timu haifiki.

Ndivyo Maritain alivyofundisha juu ya jamii. Kwa upande mmoja kila mtu ni mmoja kati ya wengi, sehemu ya jamii: analipa kodi, anatii sheria, na ikibidi anahatarisha maisha kwa ajili ya nchi yake. Kwa upande mwingine kila mtu ni nafsi, kiumbe kamili chenye akili na hiari, aliyeumbwa kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Kwa upande huo mtu anaipita jamii nzima, kwa sababu jamii zote zitapita lakini yeye ameitiwa uzima wa milele. Yule bibi wa kijijini asiyejua kusoma, kwa upande huo, ni mkubwa kuliko dola yoyote iliyowahi kuwapo.

Asije mtu akadhani hapo amepewa ruhusa ya kujipenda. Kwa Maritain, nafsi haikamiliki ikiwa peke yake. Inahitaji kupenda na kupendwa, ndiyo maana inahitaji jamii. Mafao ya wengi kwake hayakuwa jumla ya faida za mmoja mmoja, wala faida ya taifa linalowala watu wake. Ni wema unaoshirikiwa na kumrudia kila mtu: amani, haki, elimu, urafiki kati ya raia.

Katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya mtu na dola alikwenda mbele zaidi. Alisema dola si nchi. Dola ni sehemu tu ya jamii ya kisiasa, chombo kilichokabidhiwa kazi ya kulinda sheria na mafao ya wengi. Chombo hakimmiliki aliyekitengeneza. Alitaka hata wazo la dola yenye enzi kamili, isiyohojiwa na yeyote, liondolewe kabisa katika falsafa ya siasa, kwa kuwa mwenye enzi ya namna hiyo ni Mungu peke yake. Wengine wote, hata wakubwa wa nchi, watatoa hesabu.

Gharama yake

Hayo ni rahisi kuyaandika wakati wa amani, lakini yeye alijaribiwa mapema. Mwaka huohuo wa 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilizuka Hispania. Upande wa Jamhuri maelfu ya mapadre na watawa waliuawa, na Maritain alilijua hilo na kuliomboleza. Upande wa Jenerali Franco walisema wanapigana vita takatifu. Wakatoliki wengi duniani walikubali. Maritain alikataa. Alisema vita ile ilikuwa na ukatili pande zote, na kumuua maskini kwa jina la Kristo ni kufuru sawa na kumuua padre kwa sababu ya Kristo. Mji wa Guernica uliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1937, alikuwa miongoni mwa Wakatoliki wa Ufaransa waliopaza sauti kuwatetea watu wa Baski. Aliitwa msaliti. Aliitwa mkomunisti. Waliomwita hivyo wengi wao walikuwa wakikutana naye kwenye Misa.

Miaka hiyohiyo alizunguka akihutubia na kuandika dhidi ya chuki kwa Wayahudi, akifundisha kwamba Mkristo anayemchukia Myahudi anaitemea mate familia ya Bwana wake. Ilikuwa pia njia yake ya kulipa deni la maneno yake ya zamani.

Januari 1940 walikwenda Amerika kwa ajili ya kufundisha. Miezi michache baadaye Ufaransa ikaanguka mikononi mwa Ujerumani, na kurudi kukawa hakuwezekani: Raïssa na Vera wangeishia kwenye kambi za mauaji. Walikaa New York kama wakimbizi. Jacques alifundisha, alisaidia wasomi waliokimbia Ulaya, alizungumza na Wafaransa kwa redio. Mwaka 1942 alitoa kitabu juu ya haki za binadamu na sheria ya asili, ile iliyoandikwa na Muumba ndani ya dhamiri ya kila mtu. Aliandika juu ya haki za binadamu wakati ambapo mke wake, kwa sheria za nyumbani kwao, hakuhesabiwa kuwa raia kamili.

Baada ya vita Jenerali de Gaulle alimtuma Roma kuwa balozi wa Ufaransa Vatikano, kuanzia 1945 hadi 1948. Mwaka 1946 alimwandikia rafiki yake Monsinyori Montini, akiomba Papa Pius XII atoe tamko zito juu ya mateso ya Wayahudi. Hakulipata tamko aliloliomba. Aliumia, akaendelea kulipenda Kanisa na akaendelea kusema. Kuna watu wanadhani lazima uchague kimoja kati ya hivyo viwili. Yeye hakuchagua.

Haki, na kwa nini

Novemba 1947 aliongoza ujumbe wa Ufaransa kwenye mkutano mkuu wa UNESCO huko Mexico, akatoa hotuba ya ufunguzi. Dunia ilikuwa imetoka kuzika mamilioni ya watu na tayari ilikuwa imegawanyika tena, Mashariki na Magharibi. Swali lilikuwa: watu wenye imani na itikadi zinazopingana wanawezaje kukubaliana lolote? Maritain alieleza kwamba wanaweza kukubaliana juu ya mambo ya kutenda, hata kama kila mmoja ana sababu zake. Mkatoliki, Mwislamu, Mhindu na asiyeamini wanaweza wote kusema mateso yakomeshwe. Ukiwauliza kwa nini, hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Desemba 10, 1948, Umoja wa Mataifa ukapitisha Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu. Wapo wanaosema Maritain ndiye aliyeliandika. Hapana. Tume iliyoliandaa iliongozwa na Eleanor Roosevelt, na walioshiriki walitoka mataifa mengi. Mchango wa Maritain ulikuwa katika utafiti wa UNESCO juu ya misingi ya haki hizo, na katika kuwaonyesha watu kwamba makubaliano ya namna ile yanawezekana. Tangazo hilo limefika hata kwetu: Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 9, inaitaka nchi ilinde heshima ya mtu kwa kufuata kanuni zake.

Lakini hakuwa akisema kwamba lile swali la kwa nini halina maana. Makubaliano bila sababu ni kama nyumba iliyojengwa haraka ili watu wasilale kwenye mvua. Ni jambo jema, na lilikuwa la lazima, lakini siku moja lazima mtu achimbe msingi. Haki zikiwa zimesimama juu ya kura tu, kura nyingine inaweza kuziondoa. Mtoto ambaye bado hajazaliwa, mfungwa, mkimbizi, mgonjwa asiyejitambua: hawa hawana kura. Kinachowalinda ni kwamba utu wao hawakupewa na serikali, hivyo serikali haiwezi kuwanyang'anya. Nadhani hapa ndipo kazi ya Maritain ilipobaki mikononi mwetu. Dunia yetu inasema haki, haki, lakini ukiuliza zinatoka wapi, wengi tunainamisha macho kwenye simu.

Ndugu Mdogo

Vera alifariki mwisho wa mwaka 1959, na Raïssa tarehe 4 Novemba 1960. Jacques akabaki peke yake. Hakutafuta heshima za chuo kikuu. Mwaka 1961 alihamia Toulouse, akaishi katika kibanda kidogo pembeni ya Ndugu Wadogo wa Yesu, watawa wanaofuata roho ya Mtakatifu Charles de Foucauld, na kuwafundisha vijana wao.

Tarehe 8 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukifungwa, Papa Paulo VI alitoa ujumbe kwa makundi mbalimbali ya watu katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Ujumbe kwa wasomi na wanasayansi aliuweka mikononi mwa mzee mmoja mwenye nywele nyeupe. Papa Paulo VI ndiye yule Montini, aliyewahi kutafsiri kitabu cha Maritain kwa Kiitaliano alipokuwa padre kijana. Mwaka 1967, katika waraka wake *Populorum Progressio* juu ya maendeleo ya watu, alimtaja katika rejea zake. Kila unaposikia Kanisa likizungumza juu ya maendeleo fungamani ya binadamu, mwili na roho, mtu mzima na watu wote, kuna kazi ya Maritain nyuma yake.

Mwaka 1966 aliwashangaza tena watu. Alitoa kitabu kikali dhidi ya wale waliodhani Mtaguso umeruhusu Kanisa liipigie dunia magoti. Waliomwita mkomunisti zamani wakakaa kimya. Waliompenda kama mwanamageuzi wakamwita mhafidhina. Hakuwa amehama. Alikuwa amesimama palepale, ni makundi yaliyokuwa yakizunguka.

Mwaka 1970, akiwa anakaribia miaka 88, aliomba kuvaa vazi la watawa, akawa Ndugu Mdogo miongoni mwa ndugu. Alizikwa Kolbsheim, kijiji cha Alsace, katika kaburi moja na Raïssa.

Sisi je?

Mara ya kwanza nilimsoma Maritain kwa ajili ya mtihani. Mara ya pili nilimsoma kwa sababu nilikuwa nimegombana na rafiki yangu juu ya siasa, tukarushiana maneno hadi nikasahau kwamba mbele yangu yuko mtu. Ndipo nikaelewa kwamba kitu cha kwanza tunachowapa wale wanaotaka kutumiliki ni macho yetu: tunaacha kumwona mtu, tunaona upande tu.

Basi wiki hii jiulize mambo mawili mbele ya Sakramenti Takatifu. Ni kundi gani ambalo likikosea nitalitetea tu, kwa sababu ni langu? Na ni nani ambaye nimeacha kumwona kama nafsi iliyoumbwa kwa ajili ya Mungu? Usiogope majibu. Maritain alipojiuliza hayo alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, mwalimu mwenye jina, na jibu lilimtaka ageuke. Akageuka.

Tusali: Ee Bwana Yesu, Wewe uliye Ukweli, tulinde sisi vijana tusikubali kununuliwa wala kumilikiwa na yeyote isipokuwa Wewe. Wafariji walio karibu kukata tamaa usiku huu, uwatumie rafiki wa kuwashika mkono. Utupe akili isiyoogopa kuuliza na magoti yasiyoona aibu kusali. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.